Mito Inavyokula Nchi

Watu wengi hudhani ya kuwa milima na mabonde yalikaa vivi hivi tangu zamani, wala hayabadiliki. Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto kazi ya mto hana haja ya safari ndefu. Na awapeleke kijitoni mara baada ya mvua kubwa, wateke maji katika chupa, waiweke mahali penye utulivu mpaka kesho. Asubuhi wataona maji yametakata juu, na chini limetua tope. Tope lile jana lilikuwa shamba la mtu.

Maji matupu ni laini, hayakati jabali kwa upesi. Kinachokata ni mchanga, changarawe na mawe yachukuliwayo nayo, ambayo husugua sakafu ya mto kama msasa usuguavyo mbao. Mahali pengine kokoto hunaswa katika kishimo, na maji huzizungusha humo mwaka baada ya mwaka, hata mwamba hutobolewa shimo la mviringo mfano wa kinu. Tena nguvu ya mto haiongezeki kidogo kidogo kama tudhanivyo. Mbio za maji zikizidi mara mbili, uzito wa jiwe yawezalo kulisukuma huweza kuzidi mara 64. Ndiyo sababu kijito ambacho mtoto hukivuka bila hofu wakati wa kiangazi huja usiku mmoja wa masika kikaviringisha magogo na mawe makubwa.

Mlimani mto huchimba kwenda chini, ukafanya korongo. Ufikapo uwandani hupunguza mwendo, huanza kupinda, hula ukingo wa nje wa kila pindo na kuweka mchanga upande wa ndani. Kwa hiyo ajengaye nyumba karibu na ukingo wa nje ajue kwamba mto unamkaribia. Mwisho huutua mzigo wake. Mto Rufiji, uliozaliwa na mito Kilombero na Luwegu, na kuongezewa maji na Ruaha Mkuu, umeleta tope jingi baharini hata ukajenga nchi mpya ya visiwa na mikoko mkabala wa Mafia. Wakulima wa bondeni wanaishukuru mbolea hiyo iletwayo na gharika. Waliokaa juu mitoni ndio walioipoteza.

Hasara yenyewe twaiona wazi Kondoa, katika milima ya Irangi. Pale miti ilikatwa, mifugo ikawa mingi, na majani yakalika hata mizizi. Mvua ilipopiga udongo mwekundu ulio uchi, maji hayakuzama, bali yalikimbia. Mfereji mwembamba wa mwaka huu ukawa korongo baada ya miaka michache, na mito ikajaa mchanga, ikapanuka na kuyala mashamba ya bondeni. Tusiwatwike ng'ombe lawama yote: wataalamu waliochunguza tabaka za udongo wameona kwamba mmomonyoko mwingine wa huko ni wa kale sana, wa zaidi ya miaka 10,000. Lakini yale ya zamani hayakuondoa uzito wa yale mapya.

Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iitwayo HADO. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa, ila mifugo iliendelea kula. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, lenye kilometa za mraba zaidi ya 1,200. Fikirini nyumba iliyozoea maziwa na samadi, tena ng'ombe za mahari, ikiambiwa izipeleke mbali. Kwetu sisi twaona watu wale walilipa gharama kubwa kuliko isemwavyo katika taarifa. Hata hivyo majani na vichaka vilirudi, na maji ya mvua yakaanza tena kuzama ardhini. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini, wakiletewa majani.

Wamatengo wa Mbinga walikuwa wameupata ujuzi wao kitambo, nao hulima milima iliyosimama kweli kweli. Masika yakielekea mwisho hufyeka majani marefu, huyaacha yakauke, kisha huyapanga kwa mistari ikatanayo, mraba baada ya mraba. Halafu huchimba udongo wa katikati na kuyafukia majani yale, hata pawe na matuta pande zote nne na shimo katikati. Shamba la namna hiyo huitwa ngoro. Maharagwe hupandwa juu ya matuta, na mvua za mwaka ufuatao hupandwa mahindi. Magugu ya palizi hutupwa mashimoni yaoze. Mvua ijapo, kila shimo huyashika maji yake, na udongo uliomomonyoka tutani hutua mle mle, hatua moja tu kutoka mahali ulipotoka.