Msprusi wa bustani: mtaji unaokua sentimita 5 kwa mwaka

Mfanyabiashara apitaye mbele ya hoteli za Toronto au Chicago huona miti miwili midogo kwenye vyungu, mmoja kila upande wa mlango. Ina umbo la pia iliyopinduliwa, majani yamesongamana, na mara nyingi haifiki kiunoni. Akitajiwa bei hushangaa. Kinachouzwa pale si mbao wala kivuli, bali ni miaka.

Mti huo, unaojulikana na wenye vitalu kwa jina la Conica, ni aina fupi ya msprusi mweupe wa Kanada. Mwaka 1904 wataalamu wawili wa Arnold Arboretum ya Boston, Alfred Rehder na John George Jack, waliukuta karibu na kituo cha reli cha Laggan, jimboni Alberta, mahali panapoitwa leo Lake Louise. Inasimuliwa kuwa walikuwa wakisubiri garimoshi. Miche michache waliyoondoka nayo ndiyo chimbuko la biashara yote. Mti huzalishwa kwa vipandikizi, si kwa mbegu.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Conica hurefuka sentimita 5 hadi 10 tu kwa mwaka, hivyo mti wa mita 1 umekaa kitaluni si chini ya miaka 10. Shilingi 100 zikiwekwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka hiyo huwa shilingi 259. Kwa hiyo mwenye kitalu asipopata zaidi ya mara mbili na nusu ya gharama yake ya mwanzo, angefanya vyema kuziacha fedha zake benki. Na bado hajahesabu maji, vibarua na eneo. Ndiyo maana wengi huuza miti ingali mifupi, wakamwachia mnunuzi kazi ya kungoja.

Hasara nayo haingoji. Adui mkubwa ni utitiri wa msprusi, mdudu asiyeonekana kirahisi, anayefyonza majani wakati wa baridi ya wastani, yaani majira ya kuchipua na ya vuli. Mwenye mti huona rangi ya kahawia joto likishaingia, mdudu akiwa amemaliza kazi. Ubavu uliopukutika majani hauchipui tena kwenye kuni kuukuu. Miaka 8 ya mtaji hubaki na kipara, na mti wa mapambo wenye kipara hauna soko. Kinga yake ni rahisi: kutikisa tawi juu ya karatasi nyeupe na kutazama kama kuna vidoa vinavyotembea, kisha kuupiga mti maji kwa nguvu.

Hatari ya pili hudanganya, kwa sababu hufanana na neema. Tawi moja huanza ghafla kukua kwa kasi, lina majani marefu na afya nzuri. Mwenye bustani hufurahi. Kumbe mti unarudia asili yake, na tawi lile ni la msprusi wa kawaida, ambao hupita mita 20. Lisipokatwa mapema, tena kwenye shina lake, humeza mti wote.

Hata hivyo, tabia hiyo hiyo ya kubadilika imeleta faida. Sander's Blue, wenye rangi ya buluu, na Jean's Dilly, mfupi zaidi, ni aina zilizotokana na mabadiliko ya Conica. Jicho la mfanyakazi wa kitalu lina thamani kuliko mbolea.

Kwa mwekezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, biashara hii si ya kuigwa. Mti huu ni wa nchi za baridi na joto huuchosha. Mti wa Krismasi unaouzwa Nairobi kwa kawaida ni msaiprasi, unaokua haraka na kurudisha fedha mapema.

Aliye ughaibuni na anayetaka kununua mmoja kwa ajili ya bustani yake atafute mahali penye jua, udongo usiotuamisha maji na hewa inayopita. Dukani, kabla ya kutoa fedha, auzungushe mti mzima. Muuzaji mjanja huelekeza kipara ukutani.