Moto Chini ya Bahari: Kukimbia au Kusimama?

Usiku wa tarehe 18 Novemba 1996, garimoshi lililobeba malori liliingia katika handaki la reli lipitalo chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Walinzi waliokuwa karibu na mlango wa upande wa Ufaransa waliona moto chini ya lori mojawapo, wakatoa taarifa. Lakini garimoshi lilikuwa limekwisha kutokomea ndani. Lilichukua watu 34, wengi wao wakiwa madereva wa malori hayo, ambao husafiri pamoja katika behewa lao la mbele.

Amri ya siku zile ilikuwa fupi: garimoshi likishika moto ndani ya handaki, lisisimame, bali lifululize hadi nje. Handaki hilo lina urefu wa kilometa 50, na 38 kati ya hizo zimo chini ya bahari. Kwa mwendo wa kilometa 140 kwa saa, safari nzima huchukua dakika 22 hivi. Mezani hesabu hiyo ilikuwa nzuri. Usiku ule haikutimia. Baada ya kilometa 19 taa ya tahadhari iliwaka mbele ya dereva, ikimwonya kwamba huenda garimoshi likaacha reli, naye akalazimika kusimama. Muda mfupi baadaye umeme ulikatika, na moshi uliokuwa ukibaki nyuma ukawafikia.

Kwa nini moto wa namna hii hukua upesi? Kila apikaye kwa jiko la mkaa ajua kazi ya kipepeo. Mabehewa ya malori yalijengwa yakiwa wazi ubavuni, kwa kuwa lori moja laweza kufikia tani 44, na behewa lililofungwa kabisa lingezidi uzito unaohimiliwa na reli. Uamuzi huo ulizua ubishi mkubwa, na si bila sababu: garimoshi likienda mbio, upepo huupatia moto oksijeni bila kukoma. Nacho cha kuunguza ni kingi: matairi, dizeli, turubai na shehena yenyewe. Mwaka 2003 wataalamu walichoma shehena za mfano wa lori katika handaki la Runehamar, lililokuwa limeachwa kutumika, nchini Norway. Mzigo wa mbao na plastiki, usiohesabiwa kuwa wa hatari, ulitoa joto la megawati 200 hivi moto ulipofikia kilele. Huo ni karibu sawa na uwezo wa kituo cha umeme cha Kidatu.

Katika handaki joto hilo halina pa kwenda. Hurudishwa na kuta, nazo kuta ni za zege. Zege, hata lionekane kavu namna gani, lina maji katika vitundu vyake. Likipashwa joto ghafula, maji hugeuka mvuke, mvuke hukosa njia ya kutokea, na mgandamizo wake hubandua uso wa zege vipande kwa vipande. Ajabu ni kwamba zege imara, lenye vitundu vichache, ndilo liathirikalo zaidi. Mwaka 1996 mita 46 za ukuta ziliharibiwa vibaya sana. Mahali pengine zilibaki sentimita chache tu.

Watu wote 34 waliokoka. Kati ya njia mbili za reli ipo njia ya tatu, nyembamba, iliyounganishwa nazo kwa vichochoro kila baada ya mita 375. Hewa ya njia hiyo huwekwa katika mgandamizo mkubwa kuliko wa njia za reli. Mlango wa kichochoro ulipofunguliwa, hewa safi ilivuma kuelekea kwenye garimoshi, ikausukuma moshi, na watu wakapita.

Baada ya hapo ile amri ya kufululiza iliachwa. Ikawa garimoshi lisimame na watu watoke kwanza. Tarehe 11 Septemba 2008 jambo hilo lilijaribiwa kwa moto wa kweli: watu 32 walitoka wakiwa hai, wachache wakiwa na majeraha madogo. Ila moto, ulioachwa peke yake hadi wazima moto walipoweza kuukaribia, uliwaka kwa saa 16 na kuharibu mita 650 za handaki. Kusimama kuliokoa watu, lakini si njia.

Jawabu lililotafutwa ni kusimama, ila mahali palipoandaliwa. Vilijengwa vituo vinne, viwili katika kila njia ya reli, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 870, ili garimoshi zima litoshee. Humo mabomba hunyunyiza ukungu wa maji kwa mgandamizo mkubwa. Maji yaliyokwisha kufikia kiwango cha kuchemka huhitaji kilojuli 2,257 zaidi kwa kila kilo ili yawe mvuke. Matone yakiwa madogo sana, badiliko hilo hutokea mara moja, na joto hilo hutolewa katika moto. Mvuke nao hutanuka mara 1,700 hivi kuliko maji yaliyouzaa, ukafukuza oksijeni. Ukungu huo haukukusudiwa kuuzima moto kabisa. Huupunguza makali, ukuta usipasuke, hadi wazima moto wafike kwa magari yao maalumu kupitia njia ya kati.