Mtu wa Usafi Akija: Mambo ya Kupatana Mlangoni



Mabinti na vijana wengi wa vijijini kwetu wakifika Nairobi hushukia Eastlands. Kazi ya kwanza wanayopata, kabla ya nyingine yoyote, mara nyingi ni ya usafi: kufua nguo, kupiga deki, kuosha makochi, kuzibua gata, kupaka rangi ukuta wa nje. Hao hao wakishapata nyumba ya kupanga nao huanza kuita wengine. Kwa hivyo tunaandika kwa pande zote mbili, anayeita na anayeitwa, maana ugomvi tunaoletewa huwa ni ule ule. Kazi ilianza kabla ya watu kupatana.

Mama mmoja alituambia aliitwa akafue "nguo kidogo tu". Alipofika akakuta mablanketi manne, mapazia, na viatu vya shule vya watoto watatu. Mfereji ulikuwa mkavu, basi akateka maji kwa mtungi na kuyapandisha hadi gorofa ya nne. Jioni akapewa pesa ya nguo kidogo. Mwenye nyumba naye alikuwa na lake: alisema bei ilitajwa na ikakubaliwa. Kweli ilitajwa, lakini hakuna aliyekuwa ameiona kazi.

Kwa hivyo, mwenye kuitwa, omba uone kwanza. Hesabu mabeseni, uliza kama kuna mablanketi. Uliza maji yatoka wapi, kwa sababu Eastlands maji huja kwa zamu, na siku isiyo ya zamu ni ya kununua mitungi ya lita 20. Nani analipa maji hayo? Nani anayabeba? Sabuni ni ya nani? Kuna chakula cha mchana au kila mtu ajitegemee? Maswali haya si ya dharau, dada. Mwenye nyumba mwungwana hujibu bila kununa. Ukisikia "wewe anza tu, tutaelewana", hapo simama kidogo.

Na wewe unayeita, usimwokote mtu barabarani kwa sababu amekubali bei ya chini kuliko wenzake. Pale Eastleigh akina mama huketi kando ya barabara tangu asubuhi wakingojea kuitwa, na anayekubali bei ya chini kabisa mara nyingi ni yule ambaye jana hakupata kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua hulipwa mwisho wa siku. Si kesho, si "nitakutumia kwa M-Pesa mume wangu akirudi". Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mzima, huyo si kibarua tena. Sheria inamtambua kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi na siku ya kupumzika. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani na wa usafi katika jiji la Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Ukigawanya kwa siku 26 utapata kama shilingi 620 kwa siku. Tunajua nyumba nyingi hazifiki hapo. Lakini ni vizuri kila mtu ajue mstari uko wapi, na chama cha KUDHEIHA, ambacho hutetea wafanyakazi wa majumbani, kipo kwa ajili ya hayo.

Kampuni za usafi ni jambo jingine. Hizo huja na mashine, sabuni yao na vijana wenye ovaroli. Zinafaa kwa nyumba iliyohamwa, makochi yaliyochafuka sana, au ukumbi wa parokia baada ya harusi. Kabla ya kulipa amana, uliza cheti cha kuandikisha biashara, uliza kama wafanyakazi wana bima ya kuumia kazini, na uandikiwe kila chumba kitafanywa nini. Neno "usafi wa jumla" halitoshi. Je, vioo vya nje vimo? Jiko? Nyuma ya kabati? Kochi lililooshwa kwa maji mengi likikosa jua na hewa hunuka ukungu, kwa hivyo liite kampuni asubuhi ya siku kavu na ufungue madirisha. Vikundi vinavyotaka kuanzisha huduma kama hii viandikishwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Cheti hicho husaidia kufungua akaunti ya benki, na mteja mkubwa hukiuliza.

Jambo moja la afya hatuwezi kulipita. Wengi hudhani ukichanganya dawa mbili choo kitang'aa maradufu. Jiki na asidi ya choo zikichanganyika hutoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na choo cha ploti kisicho na dirisha hujaa hewa hiyo upesi. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine ngoja siku nyingine. Mpe anayefanya kazi glavu. Si gharama kubwa.

Sasa tutoke nje ya nyumba. Swali la kwanza: ukuta huu ni wa nani? Eastlands si mtaa mmoja. Kaloleni, Maringo na Jericho ni nyumba za kukodi zilizojengwa zamani na halmashauri ya jiji, na tangu 2013 ziko mikononi mwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, iliuzwa kwa watu binafsi, kwa hivyo paa na ukuta ni mzigo wa mwenye nyumba. Umoja na Kayole, mpangaji wa gorofa hukutana na keyateka, si landilodi. Kama wewe ni mpangaji, usitoe pesa yako kurekebisha paa mpaka upate karatasi inayosema zitakatwa kwenye kodi. Ahadi ya mdomo ya keyateka huhama pamoja na keyateka.

Swali la pili ni la maji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu huona rangi imebambuka wakanunua rangi. Baada ya mvua mbili imebambuka tena, na fundi analaumiwa bure. Rangi hubambuka kwa sababu ukuta umelowa kutoka nyuma: gata limeziba majani, bomba limepasuka, au udongo umerundikwa ukutani hadi juu ya msingi. Ukiona unga mweupe kama chumvi juu ya mawe, maji yanapita humo ndani. Sehemu kubwa ya Eastlands ni udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji yakituama kando ya msingi, udongo huo husukuma na kuvuta, na ufa huonekana juu ya dirisha. Kwa hivyo mpe fundi kazi kwa mpangilio huu: azibue gata, aondoe udongo ukutani, achimbe mtaro wa kupeleka maji mbali, halafu muache ukuta ukauke vizuri kabla ya plasta na rangi. Gata lisafishwe Februari, kabla ya mvua ndefu, na tena Septemba, kabla ya vuli. Hata nyumba ya mabati kijijini yafuata njia hiyo hiyo.

Rangi ya mafuta ya zamani kwenye madirisha na milango ya chuma huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isikwanguliwe kavu. Iloweshwe kwanza, watoto wapelekwe kwa jirani, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

Paa ndilo linalotutia hofu zaidi. Kijana wa kuzibua gata hupewa shilingi mia chache na ngazi ya kuazima, na akianguka kila mtu hugeuza uso. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia. Vigae vya Buruburu havikanyagwi ovyo. Huvunjika, na mtu hutumbukia. Ngazi ishikwe na mtu wa pili, na malipo ya mtu huyo yawe ndani ya bei. Kisha tazama kama paa ni la asbestosi, yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi mazito kuliko ya mabati. Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani bado yapo. Hayo hayasuguliwi kwa brashi ya waya, hayatobolewi, hayaoshwi kwa mashine ya maji ya nguvu, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa na pumzi huleta saratani miaka mingi baadaye. Wa kuyaondoa ni watu wenye leseni ya NEMA peke yao. Fundi akikuambia atayang'oa Jumamosi na kuyatupa jaa la Dandora, usimpe hata pesa ya nauli.