Tumeacha gazeti, tusiache kuhakiki habari

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo lililoingia majumbani mwetu kimya kimya. Nyumba nyingi hapa Dodoma zilizokuwa zikinunua gazeti kila siku hazilinunui tena. Habari wanazipata kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya mtaa na ya msikiti. Nasi tunaoandika ukurasa huu hatujitoi. Nyumbani kwetu pia tuliacha.

Wenye umri wetu wanakumbuka ilivyokuwa. Magazeti yalichapwa Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye basi na kusafiri kiasi cha kilomita 450, hata mara nyingi tukayapata baada ya sala ya Adhuhuri. Lilikuwapo Uhuru tangu mwaka 1961. Baadaye likaja Mwananchi mwaka 2000 na HabariLeo mwaka 2006. Asiye na fedha alisimama mbele ya meza ya muuza magazeti akasoma vichwa vya habari bure. Aliyenunua alilipeleka nyumbani, baba akasoma, kijana akamsomea bibi yake kwa sauti, jirani akaja kuazima, na mwisho likafungia maandazi. Nakala moja ilitosha watu kumi, na wote kumi walikuwa wamesikia habari ileile.

Msiba usiokuwapo

Asubuhi moja ya mwaka 2022, ujumbe uliingia katika kundi la ukoo wetu ukisema kwamba mzee wetu mmoja, aliyekuwa amelazwa hospitalini, amefariki dunia. Tulisoma, tukasema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, na bila kumpigia mtu yeyote simu tukausambaza kwa ndugu wa Kondoa na Singida. Tuliona tunafanya wema, kwani maiti ya Muislamu haicheleweshwi na mwenye haki ya kuzika anapaswa kujua mapema.

Kabla ya Adhuhuri ndugu wa Kondoa walikuwa ndani ya basi. Wa Singida walikopa nauli. Kijijini vijana walishika majembe wakaanza kuchimba kaburi. Binti wa mzee, aliyekuwa kando ya kitanda akimnywesha baba yake uji, akaanza kupokea pole kwenye simu, naye hajui amefiwa na nani. Aliyefariki alikuwa mzee mwingine mwenye jina hilohilo.

Mzee wetu aliishi miezi kadhaa baada ya hapo, lakini alikwisha kujua kwamba kaburi lake lilichimbwa. Sisi tuliomba radhi. Nauli za watu tungeweza kurudisha, ila yale machozi hatukuwa na namna ya kuyarudisha.

Qur'ani imetutangulia

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.T.) anawaamrisha waumini kwamba fasiki akiwajia na habari waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki wakijutia waliyoyatenda. Majuto hayo tuliyaonja.

Tazameni pia kisa cha Nabii Suleiman (A.S.) katika Surat an-Naml. Hudhud alimletea habari za Saba' akasema ni za yakini. Nabii hakumkadhibisha wala hakuandaa jeshi papo hapo. Alisema kwamba watatazama kama amesema kweli au ni miongoni mwa waongo, kisha akampa barua aipeleke. Ndiyo tunasema, kuhakiki si kumvunjia heshima mleta habari. Mtume (S.A.W.) naye, katika Hadithi iliyomo kwenye utangulizi wa Sahih Muslim, ametufundisha kwamba yatosha mtu kuwa mwongo akiwa anasimulia kila anachokisikia. Hakusema mpaka aitunge habari mwenyewe.

Maulamaa wa Hadithi walilijenga somo zima juu ya jambo hili. Hawakuipokea habari mpaka wajue sanad yake: nani kasikia kwa nani, na je, walikutana? Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, aliandika kitabu mahsusi kuhusu wapokezi wanaofanana majina, ili wa huyu yasije yakabandikwa kwa yule. Lau tungelifuata hilo asubuhi ile, kaburi lisingechimbwa.

Mhariri ni wewe

Msomaji atasema sisi ni watu wa gazeti na tunavutia kwetu. La hasha. Gazeti nalo hukosea na huelemea upande. Lakini gazeti lina jina, lina mhariri na lina anwani. Likikosea, unajua mlango wa kugonga. Ujumbe wa simu hauna hata kimoja. Mwaka 2018 WhatsApp yenyewe ilianza kuweka alama juu ya ujumbe uliosambazwa, na mwaka 2020 ikazuia ule uliozunguka mno usitumwe zaidi ya kundi moja kwa mara moja. Alama ile inakwambia habari imepita mikono mingi, ila haikwambii mikono ya nani.

Tena simu ina siku zake za kunyamaza. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 kwa siku kadhaa, nyumbani kwetu tuliitafuta redio ndogo ya betri iliyokuwa imesahaulika kabatini. Jioni tukaketi wote kuizunguka, kama zamani.

Basi hatusemi kila nyumba irudi kununua gazeti. Tunasema kwamba ukiliacha, kazi ya mhariri haikuondoka. Imehamia kwako wewe baba na wewe mama. Kabla hujasambaza, uliza: nani kasema, na alikuwapo? Habari ya kifo au ajali mpigie mwenye msiba au aliye karibu naye. Ukikosa uhakika, nyamaza. Kunyamaza hakujamchimbia mtu kaburi. Ukikosea, lirekebishe kosa kwa njia ileile na kwa watu walewale, mmoja mmoja, kama gazeti linavyochapa masahihisho yake. Kufuta ujumbe peke yake si toba, kwa kuwa waliokwisha kuusoma bado wanauamini.

Na baada ya Isha wakusanyeni watoto angalau dakika chache, msikilize taarifa ya habari pamoja na kila mmoja aeleze alichokisikia siku hiyo na kwa nani. Mtoto aliyezoea kuulizwa sanad na mzazi wake atamuuliza na mwenzake.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na atusamehe tuliyoyasambaza bila ya elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.