Mlingoti nyuma ya pikapu: niliyoyaona Embu na Meru

Ukitaja Embu hapa Pwani siku hizi, neno linalofuata ni muguka. Tangu Mei 2024, Mombasa ilipotangaza kupiga marufuku biashara hiyo na Kilifi ikafuata, watu wa kule wakija juu na mahakama ikaingia kati, sisi na watu wa Mbeere tumekuwa tukijuana kwa ugomvi tu. Ugomvi huo sitaki kuuingilia leo. Mimi nilikwenda Embu kwa sababu ya maji, nikarudi na jambo ambalo naona linatufaa sisi zaidi ya wao.

Kijijini kwetu, upande wa Kwale, tuna kisima cha msikiti. Kilichimbwa kwa pesa za mfadhili kuwa sadaka jariya, kikawekwa pampu ya kuzamishwa na paneli za sola, na siku ya kufunguliwa tulisoma dua na kula pilau. Pampu ikafanya kazi miaka miwili ikanyamaza. Fundi wa kwanza akasema itolewe ikaguliwe. Wa pili akasema hivyo hivyo. Kutoa ndiko kulikokuwa na kazi, kwani gari la winchi la kukodi kutoka mjini lilitakiwa kwa bei ambayo kamati ilipoipiga hesabu ilikaribia bei ya pampu mpya. Kwa hiyo kisima kikakaa. Miezi saba watu wananunua maji kwa madumu, na paneli zinang'aa juani juu ya shimo lenye maji.

Shemeji yangu anafanya kazi ya pampu Siakago, huko Mbeere, sehemu kavu ya kaunti ya Embu. Nilipomweleza kwenye simu akacheka. "Shemeji, sisi tunatoa pampu mbili kwa siku na pikapu. Njoo uone mwenyewe."

Nikaenda.

Kwanza tufahamiane ni uzito gani tunaouzungumzia, maana watu wengi hudhani pampu ndiyo nzito. Pampu yenyewe pamoja na kebo yake haizidi sana kilo 40. Kilicho kizito ni mabomba. Bomba la chuma la inchi mbili lina uzito wa kilo tano hivi kwa kila mita. Kisima cha mita 80 kina basi kilo 400 za chuma kinachoning'inia. Ongeza na maji. Mabomba haya huwa na vali ya kuzuia maji yasirudi chini, kwa hiyo hata pampu ikifa bomba limejaa. Yale maji yaliyo chini ya usawa wa maji ya kisima hayakulemei, lakini yaliyo juu yake unayabeba yote, zaidi ya lita mbili kwa kila mita. Kama maji ya kisima yako mita 50 kwenda chini, hiyo ni kilo 110 nyingine. Jumla kilo 550. Wenye mabomba ya plastiki wana nafuu, wanaweza kuvuta kwa mikono. Wa chuma hawana nafuu hiyo.

Pampu za mkono hazikuwa na shida hii. Afridev, ile pampu ya mkono ambayo wengi wetu tumekua tukiipiga, ilijaribiwa hapa hapa Kwale miaka ya 1980, na waliyoibuni walikusudia wanakijiji waweze kutoa vyuma vya ndani wenyewe, bila winchi, kwa spana moja. Tumehamia sola na hilo ni jema, lakini wanaotujengea wanatuachia mashine tusiyoweza kuinyanyua.

Sasa kifaa chenyewe. Nyuma ya pikapu ya shemeji kuna mabomba mawili mazito ya chuma, ya inchi mbili na nusu, urefu wa mita tatu na nusu na kidogo. Miguu yake imetanuka upana wa gari, vichwa vimekutana juu kama herufi A. Miguu haikuchomelewa kwenye bodi. Imeingia kwenye bawaba za chuma zilizofungwa kwa bolti hadi kwenye chesisi yenyewe, ili mlingoti uweze kulazwa juu ya kabini wakati wa safari na kusimamishwa wakati wa kazi. Kutoka kichwani, waya mbili za chuma zinakwenda mbele, moja kila upande, hadi pembe za mbele za bodi, nazo pia zimeshika chesisi. Hizo ndizo zinazouzuia mlingoti usianguke nyuma. Winchi ya mkono imefungwa kwenye mguu mmoja, kimo cha kiuno. Waya wake unapanda hadi kwenye roda ya kichwani kisha unashuka kwenye mzigo.

Nilipouona tu nikasema moyoni, hiki ni chombo cha baharini kilichopanda mlimani. Mzee wangu alikuwa baharia wa jahazi, na mimi nilipokuwa nasomea diploma ya mitambo mwalimu alipotuchorea roda ubaoni nilikuwa nimeshaziona. Foromali ya jahazi ni mti mzito, pamoja na tanga lake, na watu wachache walikuwa wakiupandisha. Henza ilipita kwenye kichwa cha mlingoti ikashuka upande wa pili, na mwisho wake ukafungwa gofia. Ndani ya gofia hiyo ilipita jarari, ikaenda kwenye abedari iliyo sitahani, na jarari ndiyo mabaharia waliyoivuta. Kwa nini wasiivute henza moja kwa moja? Kwa sababu gofia inayotembea na mzigo inagawanya uzito. Kamba ikipita humo mara mbili, kila upande unabeba nusu.

Ndivyo alivyofanya fundi wa Embu. Waya unatoka winchi, unapita roda ya juu, unashuka, unazunguka roda iliyo juu ya ndoana, kisha unarudi kufungwa kichwani. Kilo 550 zinakuwa kilo 275 kwenye waya, na kidogo zaidi kwa ajili ya msuguano. Unacholipa ni urefu. Ili mzigo upande mita moja inabidi uzungushe mita mbili za waya.

Lakini kuna hesabu ambayo mafundi wengi huisahau, na shemeji alinionya nayo kabla hata sijashuka garini. Roda ya juu haipunguzi kitu. Inageuza mwelekeo tu, na kichwa cha mlingoti kinabeba mzigo wote pamoja na mvuto wa waya unaorudi winchi. Kilo 550 za kisimani zinakuwa zaidi ya kilo 800 zinazokandamiza ile herufi A. Ndiyo maana bomba jembamba la reli za ngazi halifai hata likionekana gumu mkononi. Tena chuma kirefu hakivunjiki, kinapinda, na ukiongeza urefu mara mbili nguvu yake ya kuhimili kupinda inashuka hadi robo. Fundi anayekwambia "tuongeze mita moja juu, itatufaa" bila kuongeza unene, mwache.

Hatari kubwa zaidi ni mlalo. Mlingoti ukisimama karibu wima, ndoana ikiwa mita moja nyuma ya bodi, zile waya mbili za kushikilia zinabeba kama kilo 370 kwa pamoja. Ulaze mpaka ndoana iwe mita mbili nyuma, kwa sababu dereva amekuwa mvivu wa kurudi nyuma vizuri, na mvuto unafika kilo 940. Mzigo ni ule ule, gari ni lile lile, ila waya zimeongezewa kazi mara mbili na nusu. Siku ya pili tulipokuwa tukifanya kazi karibu na Kiritiri nilimwona shemeji akilisogeza gari mara nne kabla ya kugusa winchi. Mwenye kisima alianza kunung'unika kwamba mafundi wanachezea muda. Shemeji hakujibu.

Na gari lenyewe je? Pikapu tupu huwa na kilo 700 na kitu kwenye magurudumu ya mbele. Ning'iniza kilo 550 mita mbili nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo umbali wa ekseli kwa ekseli ni mita tatu, na mbele umeondoa kilo 370 hivi, nusu ya uzito ulioshika usukani. Fika mita tatu nyuma ya ekseli na mbele zitabaki kilo 200 tu. Kwa hiyo hakuna kutembea na mzigo ukining'inia, hata hatua kumi. Na chini ya mkia wa gari kila upande kuna nguzo ya chuma yenye parafujo, inakazwa mpaka springi ziache kubeba. Mtu wa Pwani atazijua mara moja: ni magadi, kama yale tunayoegemezea chombo kilichopwelewa kisilale ubavu. Chini ya kila gadi kuna kipande cha ubao mpana, maana udongo wa Mbeere ukilowa haubebi.

Mambo mengine ni madogo kwa umbo, lakini hayo ndiyo yanayoumiza watu. Klipu za waya, kwa mfano. Tandiko la klipu linakaa upande wa waya unaofanya kazi, na ile sehemu yenye umbo la U inakaa upande wa ncha iliyokatwa. Ukigeuza, U inauma waya hai na kuudhoofisha. Klipu ziwe tatu, zote zielekee upande mmoja, na zikazwe tena baada ya mzigo wa kwanza. Waya uwe na uwezo wa kukatika mara tano ya mzigo utakaoubeba. Winchi iwe na breki inayojifunga yenyewe ukiachia mkono. Ile ya bei rahisi yenye jino la kuzuia peke yake inatosha kuvuta mashua juu ya trela, haitoshi kuning'iniza kitu juu ya shimo.

Hili la mwisho nililiona kwa macho. Tulipopita kumwangalia fundi mwingine, rafiki wa shemeji, alikuwa akitoa mabomba kwa winchi ya aina hiyo. Kijana wake akainua lile jino ili ashushe kidogo, mpini ukamponyoka, ukaanza kuzunguka kama feni. Akataka kuudaka. Mfupa wa mkono ulivunjika tukausikia. Mabomba yakashuka mpaka kibanio kilichokuwa mdomoni mwa kisima kikayashika, wallahi kama si kibanio hicho pampu na mita 60 za chuma zingekuwa chini mpaka leo. Mimi nilikuwa nimesimama mstari mmoja na waya. Shemeji alinivuta shati. "Hapo huwa hapasimamwi," akasema.

Kibanio hicho ni vipande viwili vya chuma vinavyolikumbatia bomba na kukalia mdomo wa kisima. Kila bomba la mita tatu likipanda, kibanio kinafungwa chini yake, mzigo unashushwa ukae juu yake, ndipo bomba la juu linafunguliwa kwa spana. Ndoana haiachiwi mpaka kibanio kimethibitika. Na hakuna, hata mara moja, kuvuta kwa kebo ya umeme.

Meru niliona aina nyingine. Kwenye vibanda vya jua kali mjini, fundi mmoja alikuwa na mti mmoja tu wa chuma uliosimamishwa katikati ya bodi ya lori dogo, umeshikwa na waya nne kwa pembe nne, akiutumia kupakia injini za mashine za kusaga na magogo. Ni mwepesi kutengeneza na unafika juu zaidi. Mimi sikuupenda. Mguu ni mmoja, na waya moja ikilegea hakuna cha pili cha kuushika. Yeye aliutetea sana, akasema ni miaka kumi haujaanguka. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba kabla ya kusimamisha mti wowote unatazama juu kwanza. Waya za stima mashambani zinapita chini kuliko unavyodhani.

Kuna na sheria pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, viandikwe uzito vinaoruhusiwa kubeba, na visizidishiwe. Wengi wa jua kali hawaifuati. Naona ni kosa, hasa kwa kifaa cha msikiti au cha kijiji ambacho kila mwaka kitashikwa na mikono tofauti. Kuandika "MWISHO KILO 550" kwa rangi nyekundu kwenye mguu hakugharimu kitu.

Niliporudi nilikaa na kamati. Imamu aliuliza swali moja la maana kuliko yote niliyoyasikia safarini: mlingoti huu utakuwa wa nani? Tumekubaliana uwe waqfu wa visima, si wa msikiti wetu peke yake, maana nimehesabu visima vitatu vya sadaka vilivyonyamaza kati ya kwetu na barabara kuu. Mwenye pikapu amejitolea gari, fundi wa kuchomelea tumemlipa, na mkaguzi amekuja akatukataza bolti mbili tulizozitoa kwenye gari bovu. Tumeweka mpya.

Jana tuliujaribu uwanjani, watoto wakiwa wamefukuzwa mbali. Mapipa matatu ya lita 200 yamejaa maji, na mfuko wa saruji juu yake, kama kilo 700, robo zaidi ya kile utakachobeba kisimani. Tukainua kimo cha shibiri moja tukauacha ning'inie muda wa kunywa kahawa. Waya ya kushoto ililegea kidogo kwenye klipu. Tukashusha, tukakaza, tukainua tena, haikusogea. Jumamosi baada ya Alfajiri, inshallah, tunavuta pampu.