NYOTA ZINAZOFIKIA UKOMO ZAFICHUA HISTORIA YA GALAKSI JIRANI

Na Mwandishi Wetu

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, imezungukwa na galaksi ndogo ambazo nyota zake nyingi ni hafifu mno kuchunguzwa moja moja kutoka duniani. Ili kufahamu historia yake, wanaastronomia huchunguza nyota zilizofikia mwisho wa uhai.

Nyota inayokaribiana na Jua kwa ukubwa inapoishiwa fueli, hutupa angani matabaka yake ya nje. Kiini kinachobaki, chenye joto kali, huiangaza gesi hiyo kwa maelfu ya miaka. Wingu hilo huitwa nebula ya sayari, ingawa halihusiani na sayari. Jina hilo lilitokana na William Herschel, ambaye katika karne ya 18 aliyaona mawingu hayo yakifanana na visahani vya sayari kwenye darubini.

Tofauti na nyota, nebula hukusanya sehemu kubwa ya nuru yake katika rangi chache mahususi, hususan kijani chenye urefu wa wimbi wa nanomita 500.7. William Huggins aliiona nuru hiyo mwaka 1864, ikadhaniwa kuwa ya elementi mpya hadi mwaka 1927, Ira Bowen alipobainisha kuwa inatokana na oksijeni. Kichujio kinachopitisha rangi hiyo pekee huiwezesha nebula moja kuonekana miongoni mwa maelfu ya nyota.

Nuru hiyo hutoa taarifa mbili: kiasi cha oksijeni, ambacho kwa sehemu kubwa nyota ilizaliwa nacho, na kasi ya nebula, inayosaidia kukadiria uvutano wa galaksi.

Mfano ni galaksi iliyogunduliwa mwaka 1994 upande wa kundinyota la Mshale, ambayo inararuliwa na uvutano wa Njia Nyeupe. Nebula 4 zinahusishwa nayo, na tofauti za kemikali baina yake zinaonesha kuwa galaksi hiyo ilizaa nyota kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Mwananchi aliye mbali na taa za miji anaweza kuliona kwa macho Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yenye mamia ya nebula hizo, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 160,000. Nchini Tanzania huonekana upande wa kusini mwezi Januari, majira ya saa 3 usiku, anga likiwa halina mawingu wala mbalamwezi.