Mbegu Ngapi Katika Shimo?

Ndugu mkulima, uwe Kilosa au Mikumi, mvua za masika hazikungoji. Mbegu zisipoota, kurudia kupanda ni kuchelewa. Basi pima mbegu zako za mahindi mapema.

Chota mbegu juu, katikati na chini ya gunia. Usichague nzuri tu. Hesabu mbegu 100. Zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, kisha ukikunje. Usikiache kikauke. Baada ya siku 7, hesabu zilizoota.

Tuseme zimeota 80. Maana yake, katika kila mbegu 10 tazamia 8 kuota na 2 kutoota.

Sasa fikiria mashimo 100. Ukitia mbegu moja moja, mashimo kama 20 yatabaki matupu. Je, ukitia mbili mbili? Katika mashimo hayo 20 sasa kuna mbegu ya pili. Nayo huota mara 8 katika kila 10. Kwa hiyo mashimo 16 yatapata mche. Yatakayobaki matupu ni 4 tu.

Hii ni hesabu ya kutazamia, si ahadi. Shambani yanaweza kuwa 3 au 6. Tena panya wakifukua shimo, mbegu zote mbili hupotea pamoja. Hata hivyo, mkulima aliyepima hapandi kwa kubahatisha.

Zoezi: Jirani yako amepima mbegu 100, zimeota 50. Akitia mbili mbili katika mashimo 100, mangapi yatabaki matupu?

Jibu: Kama 25, yaani nusu ya 50.